Kitufe cha Kusafisha Si Dawa ya Kila Ugonjwa wa Printa

Kama ningepewa ruhusa ya kutia kufuli kitufe kimoja tu kwenye printa kubwa za mabango, ningekifungia kile cha kusafisha kichwa. Si kwamba hakifai. Kinafaa sana kikibonyezwa na mtu anayejua kwa nini anakibonyeza. Shida ni kwamba wengi hukibonyeza jinsi tunavyomeza dawa za maumivu: kichwa kikiuma meza mbili, kikiendelea meza mbili tena, daktari baadaye.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua kazi yangu ni kuandika programu, si kutengeneza printa. Lakini nimewaandikia watu kadhaa wenye maduka ya kuchapisha hapa Nairobi programu za kupokea oda, na ukikaa dukani mwa mtu siku tatu ukisubiri mtandao urudi, utajifunza kazi yake upende usipende. Nilichojifunza ni kwamba printa yenye nozeli zilizopotea na programu yenye hitilafu ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili hukuambia tatizo liko wapi ukizisikiliza. Na zote mbili hukunyima habari hiyo ukianza kupapasa ovyo.

Kwa hivyo maoni yangu leo ni haya: chapa karatasi ya kipimo kwanza, isome, ihifadhi, ndipo ufikirie kusafisha. Nitaeleza kwa nini, na kwa nini jambo hili linahusu mshahara wa mtu.

Nozeli ni nini na hupoteaje

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua printa, hebu tuanzie chini. Mashine hizi, ziwe za mabango, stika za magari au picha za ukutani, hurusha matone madogo sana ya wino kutoka kwenye kichwa kinachokimbia kushoto na kulia. Chini ya kichwa kuna matundu, na hayo ndiyo nozeli. Tundu moja lina upana wa mikroni 20 hadi 30 hivi, jembamba kuliko unywele wako.

Kichwa cha Epson aina ya DX5, ambacho kiliwekwa kwenye mashine nyingi za Mutoh na Mimaki, kina safu 8 zenye nozeli 180 kila moja. Jumla ni 1,440. Kichwa cha XP600, utakachokikuta kwenye mashine nyingi za bei nafuu kutoka Uchina, kina safu 6 za nozeli 180, jumla 1,080. Nyuma ya kila nozeli kuna kipande cha piezo, yaani kitu kinachojikunja kikipigwa na umeme na kusukuma tone nje. Printa za HP na Canon kwa kawaida hutumia njia nyingine: kipasha joto kidogo huchemsha wino, kiputo hutokea, tone linaruka.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mfuko wako. Kichwa cha joto kwa kawaida ni kitu cha kuisha. Kikichoka unakitoa na kuweka kingine, karibu kama wembe. Kichwa cha piezo kimekusudiwa kukaa na mashine miaka, na bei yake ni ya kitu cha kukaa miaka. Nitakayoyasema hapa chini yanahusu hasa vichwa vya piezo, maana ndivyo vinavyowaliza watu.

Nozeli ikikosa kurusha tone, mafundi husema imepotea. Wakati mwingine haikupotea bali inarusha upande, na mstari wake unapinda. Kwenye picha, yote mawili huonekana kama mistari myembamba inayokata bango kutoka ukingo hadi ukingo.

Je, kweli ni nozeli?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalorukwa zaidi. Mtu anaona mistari kwenye bango, anakimbilia kusafisha. Lakini mistari ina vyanzo viwili vikubwa, na kusafisha hutibu kimoja tu.

Chukua mfano wa DX5. Safu yake moja ina nozeli 180 ndani ya inchi moja. Ukichapa kwa msongamano wa nukta 720 kwa inchi, kichwa kinahitaji mapito 4 ili kujaza nafasi zote. Kila pito likiisha, bango husogea robo inchi, yaani karibu milimita 6. Sasa, gurudumu likisogeza bango kupita kiasi kidogo tu, unapata mstari mweupe kila baada ya milimita 6. Likisogeza pungufu, unapata mstari mweusi kila baada ya milimita 6, kwa sababu wino unalaliana. Hapo nozeli zote zinaweza kuwa nzima kabisa! Unaweza kusafisha hadi chupa zikauke na mistari itabaki palepale. Dawa yake ni kurekebisha mwendo wa bango kwenye mipangilio ya mashine, kazi ya dakika chache.

Utajuaje? Chapa karatasi ya kipimo cha nozeli. Ngazi zote zikiwa kamili na bango bado lina mistari kwenye rangi zote sawasawa, acha kichwa cha watu. Mistari ikiwa kwenye rangi moja tu, na ngazi ya rangi hiyo ina mapengo, hapo ndipo tuzungumze habari za nozeli.

Kuna jambo jingine hapo la kukumbuka siku ukiwa mbioni. Mapito yakiwa 8 badala ya 4, kila mstari wa nukta hupitiwa na nozeli mbili tofauti. Moja ikiwa imekufa, nyingine inaweka nusu ya matone, na jicho haligundui kwa urahisi. Mashine itachapa kwa nusu ya mwendo, lakini bango litatoka. Ni sawa na kuwa na seva mbili, moja ikilala nyingine inabeba mzigo. Si tiba, ni mkongojo, lakini mkongojo hukufikisha nyumbani.

Kusafisha hufuta ushahidi

Sisi waandishi wa programu tuna tabia moja mbaya kama taaluma. Seva ikikwama, mtu anaizima na kuiwasha tena. Ikirudi, ofisi nzima inashangilia. Lakini kilichokuwa kwenye kumbukumbu wakati inakwama kimefutika, hakuna ajuaye ilikwama kwa nini, na Jumatatu itakwama tena.

Kusafisha kichwa bila kuchapa kipimo kwanza ni kitendo hichohicho. Karatasi ya kipimo ni picha ya hali ya kichwa kwa dakika ile. Ukisafisha mara tatu halafu ndipo uchape, unachokiona si ugonjwa tena. Ni ugonjwa ukichanganywa na matibabu matatu. Huwezi kusema nozeli ilikuwa imeziba tangu asubuhi au imepotea sasa hivi kwa sababu ya pampu.

Ndiyo, pampu inaweza kuzipoteza. Usafishaji si kupanguza peke yake. Kichwa hukaa juu ya kofia ya mpira, pampu hufyonza wino kupitia nozeli, kisha waipa hupita kufuta uso wa kichwa. Kama wino haufiki vizuri kutoka nyuma, kwa sababu dampa imeziba au mrija umelegea, pampu itafyonza tu na kinachojaza nafasi ni hewa. Mwanzo ulikuwa na mapengo manne, sasa unayo thelathini. Unashtuka, unabonyeza kusafisha kwa nguvu zaidi. Unaona tunakoelekea. Na kila mara wino unaenda moja kwa moja kwenye chupa ya taka, wino ulionunuliwa kwa shilingi zilezile za wino wa kuchapia.

Watengenezaji wenyewe wanajua. Miongozo ya printa kadhaa za Epson za nyumbani na ofisini husema kwamba ukishasafisha na kupima mara tatu bila mafanikio, uache mashine ipumzike kwa saa kadhaa, nyingine husema angalau saa 12, ndipo ujaribu tena. Sababu ni kwamba viputo vya hewa huhitaji muda kutulia. Hakuna kitufe cha kuharakisha jambo hilo.

Jinsi ya kuisoma karatasi

Chapa kipimo mara tatu mfululizo bila kugusa chochote katikati. Zipange mezani, moja kando ya nyingine. Sasa tazama mapengo yanavyofanya.

1. Mapengo yako palepale kwenye karatasi zote tatu. Hapo kuna wino uliokauka ndani ya nozeli zile, au nozeli zimekufa. Usafishaji mmoja wa kawaida una haki ya kujaribiwa, kisha upime tena. Mapengo yakipungua hata kidogo, uko njiani. Yasipotikisika baada ya mara mbili, simama.

2. Mapengo yanahama. Karatasi ya kwanza yako juu, ya pili yako katikati. Wino uliokauka hauna miguu. Kinachotembea ni hewa. Angalia mrija, viungo vyake, dampa na kiwango cha wino kwenye chupa. Kusafisha zaidi hapa ni kuongeza hewa.

3. Kipimo ni kamili, lakini ukichapa eneo kubwa la rangi moja, rangi inafifia kadiri bango linavyoendelea, na kipimo cha baada ya kazi kina mapengo. Kichwa kina njaa. Kinameza wino haraka kuliko unavyoletwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni dampa, maana ndani yake kuna chujio, na chujio huziba. Ni kipande cha bei ndogo sana ukilinganisha na kichwa.

4. Jioni ulifunga duka kipimo kikiwa kamili, asubuhi safu moja au mbili zina mapengo. Usiku kuna kitu hakikufunga. Angalia kofia ya mpira: kama ina ufa, nyuzi za vumbi au wino mkavu ukingoni, hewa inaingia na kichwa kinakauka. Weka kiowevu cha kusafishia kidogo ndani ya kofia kwa bomba la sindano, kisha uiamuru pampu ifyonze. Kisipoondoka, pampu au mrija wake ndio mgonjwa, na hakuna usafishaji utakaofanya kazi hadi urekebishe hilo.

5. Safu nzima imetoweka ghafla katikati ya kazi. Swali ni kama wino unafika. Ukiona wino wa rangi hiyo unapita kwenye mrija wa taka wakati wa kusafisha lakini karatasini hakuna hata nukta, uwezekano mkubwa ni umeme: waya bapa, bodi, au kichwa chenyewe. Hapo zima mashine, chomoa plagi kabisa, na umwite mtu anayejua. Tone moja la wino kwenye soketi ya ule waya bapa linaweza kuunguza bodi na kichwa kwa pamoja. Hiki ndicho kituo ambacho ujasiri haulipi.

Rangi ya manjano huwasumbua watu kwa sababu haionekani vizuri juu ya karatasi nyeupe. Kuna ujanja rahisi. Ingia mahali penye giza kidogo, fungua picha ya buluu tupu kwenye simu yako, mwangaza uwe wa juu kabisa, kisha umulike karatasi. Wino wa manjano hunyonya mwanga wa buluu, kwa hivyo ngazi itajitokeza nyeusi na mapengo yake utayahesabu.

Halafu, tafadhali, andika tarehe na saa kwenye kila karatasi. Usiitupe. Faili ya shilingi chache yenye karatasi za miezi mitatu itakuambia mengi kuliko fundi aliyeingia dukani dakika tano zilizopita.

Stima, vumbi na swichi ya ukutani

Miongozo mingi imeandikiwa ofisi ambazo stima haipotei. Hapa kwetu lazima tuongeze kurasa zetu wenyewe.

Stima ikipotea kichwa kikiwa katikati ya bango, kinabaki pale uchi, bila kofia. Wino wa eko-solventi umetengenezwa ukauke haraka juu ya vinaili, na haujui kubagua kati ya vinaili na nozeli. Kama stima itarudi baada ya saa sita, nozeli hizo utazitafuta. Ndiyo maana nasema UPS ya printa si anasa. Haihitaji kuchapa bango zima. Inahitaji nguvu za dakika chache tu, kichwa kirudi nyumbani kijifunike. Ukinunua mashine bila UPS, umenunua gari bila breki ya mkono.

Ya pili ni swichi ya ukutani. Mwenye duka anayebana matumizi huzima kila kitu akienda nyumbani. Namwelewa, bili ya stima haina utani. Lakini mashine nyingi za aina hii hujiamsha zenyewe kila baada ya muda fulani na kufanya usafi mdogo ili nozeli zisikauke. Roland, kwa mfano, huagiza swichi kuu ya mashine zake nyingi iachwe ikiwa imewashwa hata kama hazichapi. Ukizima ukutani Ijumaa jioni, umeinyima mashine wikendi nzima ya kujitunza, na Jumatatu unampa lawama kijana aliyeikuta imekauka.

Ya tatu ni hewa yenyewe. Januari na Februari Nairobi huwa kavu na yenye vumbi, na duka lililo wazi upande wa barabara hupokea vumbi hilo bure. Vumbi hunasa kwenye kofia na waipa, waipa hulisambaza usoni mwa kichwa, na nozeli huanza kurusha upande. Pazia la plastiki na kitambaa kisicho na nyuzi kwa ajili ya kofia na waipa kila jioni ni kinga rahisi kuliko zote nilizoziona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishasema, ingawa hawakuwa na printa.

Ya nne ni dawa za kienyeji. Nimeona watu wakipaka thina, spiriti na hata sabuni ya vioo. Wino wa eko-solventi husafishwa kwa kiowevu chake, wino wa maji kwa chake. Ukitia maji kwenye wino wa eko-solventi, utomvu uliomo huganda na unatengeneza kizibo ambacho hakikuwepo. Thina kali nayo hula gundi inayoshikilia tabaka za kichwa. Na bomba la sindano likisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, unaweza kupasua ndani kwa ndani. Kichwa kinachovuja rangi mbili kwenye tundu moja hakirudi.

Nani alipe kichwa?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kazi nyingi za mabango zina saa ya mwisho isiyosogea. Bango la harusi, la mkutano, la kampeni. Lakini lisilosogea kuliko yote ni la mazishi. Familia inakuja Alhamisi, mwili unasafirishwa Ijumaa, maziko ni Jumamosi, na picha ya marehemu ndiyo itakayosimama mbele ya watu mia kadhaa. Huwezi kumpa mama wa watu picha ya mwanawe yenye mistari myeupe shavuni, ukamwambia ni nozeli.

Katika duka moja ninalolifahamu, ambalo sitalitaja, jambo hilo lilitokea nikiwa pale kwa shughuli zangu za programu. Rangi ya majenta ilikuwa inakatika. Kijana wa mashine alikuwa ameamriwa asafishe, akasafisha, akaamriwa tena. Fundi wa simu akatoa hukumu bila kuiona mashine: kichwa kimekufa. Mwenye duka, mama mkarimu kwa siku za kawaida, akasema mbele ya wateja kwamba kichwa kitatoka kwenye mshahara wa kijana. Kichwa kipya kilikuwa kinazidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Kijana hakujibu. Angejibu nini? Hakuwa na chochote mkononi.

Nikamwomba mama dakika kumi. Tukachapa vipimo vitatu, nikavipiga picha kwa simu nikaviweka kando kwa kando kwenye tarakilishi. Mapengo ya majenta yalikuwa yanahama, na yalikuwa yanaongezeka baada ya kila eneo kubwa la rangi. Kichwa kilichokufa hakifanyi hivyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyetamka neno: "Dampa." Ilikuwapo moja mpya kwenye droo, iliyonunuliwa na kusahauliwa. Akaibadilisha, akavuta wino taratibu hadi hewa ikaisha, akaacha mashine itulie wakati sisi tunakunywa chai. Kipimo kilichofuata kilikuwa na pengo moja tu. Bango likachapwa kwa mapito 8, na familia ikaondoka na picha ya mtu wao.

Sisemi kila mara mwisho ni mtamu hivyo. Vichwa hufa kweli. Ninachosema ni kwamba mtu hapaswi kukatwa mshahara kwa hukumu ya kukisia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika pale tu uharibifu ulipotokana na mfanyakazi kukosa wajibu wake kwa makusudi. Dampa iliyoziba si makusudi ya mtu. Stima iliyopotea si makusudi ya mtu. Na bosi aliyezima swichi ya ukutani Ijumaa hana budi kujitazama kwenye kioo kwanza.

Ndiyo maana nasema ile faili ya karatasi zenye tarehe si ya fundi peke yake. Ni kinga ya kijana wa mashine. Akiwa na kipimo kamili cha jana saa kumi na moja jioni na kipimo chenye mapengo cha leo saa mbili asubuhi, kila mtu anaona kwamba jambo limetokea usiku, mashine ikiwa peke yake. Ni kinga ya mwenye duka pia, maana siku mtu atakapoharibu kwa kweli, karatasi zitasema vilevile.

Na watengenezaji?

Nao wana lao. Teknolojia ya mashine kujipima ipo. HP huweka kwenye printa zake nyingi kubwa kihisi kinachotambua matone yanayoruka na kufanya nozeli nzima zifidie zilizokufa. Mimaki wana kifaa wanachokiita NCU cha kukagua nozeli, na NRS ya kuweka nozeli mbadala mahali pa iliyopotea. Ni kazi nzuri. Lakini mashine nyingi zinazolisha familia hapa kwetu ni za zamani au za bei nafuu, na hazina hayo. Kihisi chake ni jicho la kijana.

Ombi langu kwa wenzangu wanaoandika programu za printa ni dogo na halihitaji kihisi chochote. Mtu akibonyeza kusafisha, programu imuulize kwanza: umechapa kipimo? Ihesabu amesafisha mara ngapi leo na imwonyeshe. Ikifika mara ya tatu, imwambie wazi kwamba pengine tatizo haliko kwenye nozeli, aangalie dampa na kofia. Mistari michache tu ya programu. Mashine inayohesabu kila tone inashindwaje kuhesabu vidole vyetu?

Najua kuna watakaoniambia kwamba dukani hakuna muda wa karatasi tatu, mteja amesimama. Sawa. Karatasi moja ya kipimo huchukua muda mfupi kuliko usafishaji mmoja, na haimwagi wino kwenye chupa ya taka. Kama una muda wa kusafisha mara tano, muda wa kupima mara tatu unao.

Nikifupisha kwa mwenye haraka: pima kabla ya kusafisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha upime tena, maana ukibadilisha vitatu hutajua kilichoponya. Usipite usafishaji wa mara mbili bila karatasi mpya kuonyesha nafuu. Safisha kofia na waipa kila jioni. Nunua UPS. Acha swichi ya ukutani. Andika tarehe.

Na kama wewe ni mwenye duka, kesho asubuhi kabla ya kazi ya kwanza, mwambie kijana wako achape kipimo, mkitazame pamoja, na mkitie kwenye faili wote wawili mkiwa mmekiona.